Jinsi ya Kupanga Ziara ya Makumbusho ya Louvre, Paris

Louvre ilianza kama ngome, ikawa kasri la wafalme wa Ufaransa, na tarehe 10 Agosti 1793, Mapinduzi yakiwa yamepamba moto, ikafunguliwa kwa umma kuwa makumbusho. Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini jengo lenyewe humchosha mgeni: halikujengwa kwa ajili ya kuonyeshea picha, lilirefushwa na kuongezewa pande kwa karne kadhaa, kila mtawala akiacha lake. Leo lina vyumba zaidi ya 400 na vitu vipatavyo 35,000 vinavyoonyeshwa, kati ya takriban nusu milioni vilivyomo katika hazina yake. Mtu akikitazama kila kimoja kwa dakika moja tu, saa nane kwa siku bila kupumzika, atahitaji zaidi ya miezi miwili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika nyumbani, kabla ya kupanda ndege: kuchagua machache, kujua yalipo, na kununua tiketi ya saa inayofaa.

Hatua ya kwanza: Chagua siku na saa

Makumbusho hufungwa kila Jumanne, na pia tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Siku nyingine hufunguliwa saa 3:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa ambapo hubaki wazi hadi saa 3:00 usiku. Jioni hizo mbili ndizo ninazozipendekeza kwa mtu yeyote mwenye uhuru wa kuchagua. Makundi ya watalii yanayoongozwa hupenda asubuhi na mapema mchana, na kufikia saa 12 jioni mengi yanakuwa yamekwenda kutafuta chakula. Asiyeweza jioni aingie saa 3:00 asubuhi kamili, na asiahirishe hadi saa 5, kwa kuwa hapo ndipo umati unapokuwa mzito kuliko wakati wowote.

Msemaji wa Kiswahili ana tahadhari moja ya ziada. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu za mzunguko wa saa 24, kwa hiyo 13:30 ni saa saba na nusu mchana, na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Andika saa hiyo kwa hesabu yako mwenyewe pembeni ya tiketi, hasa kama unasafiri na mzee ambaye maisha yake yote amehesabu saa kuanzia mapambazuko. Kumbuka pia kwamba Paris iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tofauti hiyo ni ndogo mno kukuvuruga usingizi. Kinachomchosha mgeni ni ndege ya usiku, na kwa sababu hiyo si busara kuiweka Louvre katika siku ya kuwasili.

Hatua ya pili: Visa kwanza, tiketi baadaye

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji visa ya Schengen ya muda mfupi, yaani visa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla yake. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 ni ya lazima. Nayataja haya kwa sababu ya mpangilio tu: tiketi ya Louvre ikishanunuliwa kwa kawaida fedha hazirudishwi, kwa hiyo usiilipie kabla pasipoti haijarudi mkononi mwako ikiwa na visa.

Hatua ya tatu: Nunua tiketi kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe

Makumbusho yamejiwekea ukomo wa watu wapatao 30,000 kwa siku, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Fika ndani ya nusu saa kuanzia saa iliyoandikwa. Wakati wa kiangazi, Pasaka na Krismasi, saa nzuri huisha mapema, na anayefika mlangoni bila tiketi anaweza kuambiwa siku hiyo imejaa. Nunua katika tovuti rasmi ya Louvre. Ukitafuta kwa kutumia jina la makumbusho peke yake, matokeo ya kwanza mara nyingi ni matangazo ya wauzaji wa kati wanaouza tiketi ileile kwa bei ya juu, wakidai imeongezewa huduma ambayo hukuiomba. Walio barabarani, wanaosogelea foleni wakiwa na tiketi mkononi, ni wa kuwapita bila kusimama.

Bei imekuwa ikipanda. Januari 2024 ilitoka euro 17 hadi 22, na tangu Januari 2026 wageni wasio raia wala wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein) hulipa euro 32. Maana yake ni kwamba ndugu wawili wa familia moja, mmoja akitoka Mombasa na mwingine akiishi Brussels, watalipa bei tofauti kuingia mlango uleule, na yule wa Brussels hana budi kuwa na kitambulisho cha ukaazi. Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 huingia bure bila kujali uraia wao. Wakazi wa eneo hilo la Ulaya walio chini ya miaka 26 nao hawalipi, hali kadhalika watu wenye ulemavu pamoja na msindikizaji mmoja, mradi wawe na uthibitisho. Hata asiyelipa anashauriwa kujiandikia saa ya kuingia kupitia tovuti.

Hatua ya nne: Chagua vitu kumi, na uandike namba za vyumba vyake

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha ziara nzuri na matembezi marefu ya kuumiza miguu. Tangu Machi 2021 Louvre imeweka orodha ya hazina yake katika tovuti ya collections.louvre.fr, ambayo kuitumia ni bure. Andika jina la msanii au la kitu, nawe utaona picha, maelezo yake kwa Kifaransa, na mahali kilipo: upande, ghorofa na namba ya chumba. Kama hakionyeshwi kwa sasa, tovuti itakuambia pia. Ni afadhali kuvunjika moyo ukiwa nyumbani kuliko baada ya kupanda ngazi nne.

Jengo limegawanyika katika pande tatu: Denon, uliopakana na mto Seine, Richelieu, uliopakana na barabara ya Rivoli, na Sully, unaozunguka ua wa mraba upande wa mashariki. Namba za vyumba zina mantiki ambayo wageni wengi hawaijui. Zinazoanza na 1 ziko chini ya ardhi. Za 200, 300 na 400 ziko ghorofa ya chini, kwa mfuatano wa Richelieu, Sully na Denon. Za 500, 600 na 700 ziko ghorofa ya kwanza kwa mfuatano uleule, na za 800 na 900 ziko ghorofa ya pili, Richelieu na Sully. Ukishaielewa hesabu hii, ukisoma 227 unajua mara moja kwamba uende Richelieu, chini, na ukisoma 711 unajua kwamba ni Denon, ghorofa ya kwanza. Ramani inabaki kuwa ya kuhakikishia tu.

Kumi ni idadi ya ziara ya saa tatu au nne. Nitataja ninavyoviona vinastahili, kila msomaji aongeze vyake na kupunguza vyangu.

Katika chumba cha 227 limesimama jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, lenye urefu wa mita 2.25, lililochimbuliwa huko Susa, Iran, na Wafaransa mwaka 1901 na 1902. Juu kabisa mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki. Wageni hupiga picha sehemu hiyo na kuondoka. Inama uangalie chini, upande wa mbele: kuna sehemu ambapo mistari ya maandishi imefutwa kabisa. Karne nyingi baada ya Hammurabi, mfalme wa Waelami, watu wa Iran ya kale, aliliteka jiwe hilo, akalipeleka kwake na kuifuta sehemu hiyo, na nafasi ikabaki tupu hadi leo.

Chumba cha 635 kina mwandishi wa Misri aliyeketi akiwa amekunja miguu, sanamu ya jiwe la chokaa iliyopakwa rangi, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000 na urefu wa nusu mita hivi. Macho yake yametengenezwa kwa jiwe angavu lililowekwa ndani ya shaba, na mwanga ukiyapiga yanaonekana mabichi kama ya mtu aliye hai. Kiuno chake kimenenepa kidogo, jambo ambalo wachongaji wa wafalme wasingelithubutu.

Chumba cha 700 kina picha ya Théodore Géricault ya mwaka 1819, yenye upana wa takriban mita saba, kuhusu chelezo cha meli ya Méduse. Meli hiyo ilikuwa ikielekea Senegal ilipokwama katika pwani ya Mauritania mwezi Julai 1816. Watu wapatao 147 walipakiwa kwenye chelezo kisha wakaachwa baharini, na siku 13 baadaye waliookolewa walikuwa 15 tu. Kilele cha umbo zima la watu, mtu aliyeinuliwa juu ya wenzake akipunga kitambaa, ni Mwafrika, na aliyeketi kuchorwa alikuwa Joseph, mzaliwa wa Haiti aliyefanya kazi ya kuketi ili achorwe na wachoraji wa Paris. Ukisogea karibu, tafuta meli anayoipungia: ni doa dogo kwenye upeo wa bahari upande wa kulia, dogo kiasi kwamba ukiwa mbali hulioni.

Ongeza pia picha ambayo haimo katika vijitabu vingi vya watalii, ile ya Marie-Guillemine Benoist ya mwaka 1800, inayomwonyesha mwanamke mweusi aliyeketi kwenye kiti akiwa na kilemba cheupe. Jina lake lilikuwa Madeleine, naye alitoka Guadeloupe. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802, kwa hiyo picha imeangukia katikati ya miaka hiyo michache. Itafute katika tovuti uone chumba ilipo wakati wa safari yako.

Mfuma lesi, picha ya Johannes Vermeer iliyo katika chumba cha 837, ina ukubwa wa sentimita 24 kwa 21 tu. Ni picha ya kuikaribia hadi uone nyuzi nyekundu zinavyomwagika kutoka kwenye mto wa kushonea, kana kwamba mchoraji aliziacha zitiririke. Mara nyingi utaikuta haina watu, nayo iko katika jengo lilelile ambamo mamia wanasukumana mbele ya Mona Lisa.

Hatua ya tano: Panga njia, na umweke Mona Lisa mahali pake

Mona Lisa wa Leonardo da Vinci yuko chumba cha 711. Ni ubao wa sentimita 77 kwa 53 uliowekwa nyuma ya kioo, na mbele yake kuna foleni iliyozungushiwa kamba inayokusogeza kisha kukutoa baada ya muda mfupi. Sehemu ya umaarufu wake ilitokana na wizi: tarehe 21 Agosti 1911 Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi humo, aliichukua, na kwa miaka miwili watu walikuwa wakija kuangalia ukuta mtupu. Sisemi usiende. Nenda, lakini ukishamwona geuka nyuma, kwa sababu ukuta unaomkabili umebeba Harusi ya Kana ya Paolo Veronese ya mwaka 1563, picha yenye kimo cha karibu mita saba na upana wa karibu mita kumi, ambayo askari wa Napoleon waliiondoa katika monasteri moja ya Venice mwaka 1797. Upande wa kushoto, mtoto mtumishi mweusi anamnyooshea bwana harusi glasi ya divai. Wageni wengi huipa mgongo picha hiyo muda wote.

Kwa anayeingia asubuhi, njia ninayoipendekeza inaanzia Richelieu, wakati umati ukikimbilia Denon. Shuka chini ya piramidi ya kioo iliyo mlango mkuu, ingia Richelieu, tazama jiwe la Hammurabi katika ghorofa ya chini, kisha chukua lifti hadi ghorofa ya pili kwa Vermeer na wachoraji wengine wa Uholanzi. Ukishuka, pita ghorofa ya kwanza katika makazi ya Napoleon III, chumba cha 544, uone jinsi dhahabu inavyoweza kuzidi kipimo. Pumzika katika Cour Marly, ua ulioezekwa kwa kioo wenye farasi wa mawe na mahali pa kuketi. Kisha vuka hadi Sully: misingi ya ngome ya mfalme Philippe Auguste chini ya ardhi, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu kutoka Tanis, Misri, katika chumba cha 338, na Venus wa Milo, sanamu ya Kigiriki ya mungu wa kike, katika chumba cha 345. Kutoka hapo ngazi za Daru zinakupandisha moja kwa moja hadi kwa sanamu ya Ushindi wa Samothrace, isiyo na kichwa, mabawa yake yakiwa yamefunguka juu ya umbo la mbele ya jahazi la mawe. Denon inabaki ya mwisho. Anayeingia jioni ya Jumatano au Ijumaa anaweza kufuata njia hiyohiyo, akifika kwa Mona Lisa saa moja kabla ya kufungwa, mradi azingatie kwamba wahudumu huanza kuwaondoa watu vyumbani dakika kadhaa kabla ya saa yenyewe.

Si vyumba vyote hufunguliwa kila siku. Tovuti ya makumbusho huweka ratiba ya vyumba vinavyofungwa kila wiki, na ni lazima uilinganishe na orodha yako kabla ya kuchagua siku. Ukumbi wa Apollon, kwa mfano, ndio ulioibiwa vito vya wafalme tarehe 19 Oktoba 2025 na wezi waliopanda kwa lifti ya lori na kumaliza kazi yao ndani ya dakika zisizozidi nane. Usiuweke katika mpango bila kuthibitisha kwamba umefunguliwa.

Hatua ya sita: Kufika na kuingia

Kituo cha treni ya chini ya ardhi ni Palais Royal–Musée du Louvre, mistari ya 1 na 7. Anayetoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa Orly anaweza kupanda mstari wa 14 hadi Pyramides, kisha atembee kidogo. Mlango mkuu ni piramidi ya kioo ya msanifu majengo I. M. Pei, iliyofunguliwa mwaka 1989. Mvua ikinyesha au jua likiwa kali, jaribu mlango wa Carrousel, unaofikiwa kupitia namba 99 barabara ya Rivoli au kutoka ndani ya kituo chenyewe, kwa sababu foleni yake iko chini ya paa.

Mzigo unaozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 hauruhusiwi, kwa hiyo usije na sanduku ukitokea hotelini kuelekea uwanja wa ndege. Makoti na mikoba midogo huhifadhiwa bure katika makabati yaliyo chini ya piramidi. Viti vya magurudumu huazimwa bure, na mtu mwenye ulemavu hupewa nafasi ya mbele. Kula vizuri kabla, kwa sababu ndani ya vyumba hairuhusiwi kula, migahawa iliyomo ni ya bei, na ni salama kupanga siku yako kana kwamba ukishatoka hutaruhusiwa kurudi.

Picha za matumizi binafsi zinaruhusiwa katika maonyesho ya kudumu bila kutumia mwanga wa kamera. Vijiti vya kujipigia picha haviruhusiwi. Mkoba uwe mbele ya tumbo, hasa kwenye treni na katika chumba cha 711: mwezi Aprili 2013 wafanyakazi waligoma siku nzima, makumbusho yakafungwa, kwa sababu ya vibaka wa mifukoni waliokuwa wamewashinda nguvu. Wenye watoto wadogo wapunguze orodha hadi vitu vinne, na wawaachie watoto wenyewe kumtafuta simba wa Tanis.

Hatua ya saba: Uwe na mpango wa akiba

Migomo hutokea. Tarehe 16 Juni 2025 wafanyakazi walisimamisha kazi ghafla wakilalamikia msongamano na uhaba wa watu, maelfu wakabaki nje wakiwa na tiketi zao, na mwezi Desemba mwaka huohuo mgomo ukarudi. Fungua tovuti asubuhi ya ziara kabla ya kutoka hotelini.

Ukikuta pamefungwa, vuka bustani ya Tuileries, pita daraja la waenda kwa miguu ambalo tangu mwaka 2006 linaitwa Léopold Sédar Senghor, nawe utatokea mbele ya makumbusho ya Orsay, yenye wachoraji wa karne ya 19 kama Manet, Monet na Van Gogh. Orsay hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumanne, Louvre inapolala, wao wako kazini, na Alhamisi hubaki wazi hadi saa nne kasorobo usiku. Anayetaka kazi za mikono ya Waafrika aendelee kufuata mto kuelekea magharibi hadi Quai Branly, ambayo nayo hufungwa Jumatatu, na ambako vitu 26 vya ufalme wa Dahomey viliondolewa Novemba 2021 kurudishwa Benin.